Minazi Iliyoipinda Barabara

Mjukuu wangu Saumu,

Marahaba! Barua yako imenifika hapa Msambweni. Sote wazima, alhamdulillahi, na shangazi yako kajifungua pacha!

Waniuliza kwa nini barabara ya mji imepinda pale kwetu. Miaka ya hamsini, mimi kigori, alikuja mpima ardhi na mnyororo wake wa kupimia na hati ya serikali: hapa patajengwa mji, barabara itakata ua wetu.

Mama akamwambia, "Ardhi mna karatasi yake. Minazi je? Kwetu, mnazi ni wa aliyeupanda."

Bwana yule akacheka, akataka ushahidi.

Mama akaishika mmoja mmoja. "Huu Bakari. Huu Mwanasha. Chini ya kila mmoja nimezika kitovu cha mwanangu."

Nikaruka nikaukumbatia huo wa Mwanasha, wangu! Mpimaji akaitazama hati yake. Halikuwamo jina hata moja. Akauvuta mnyororo, akaizunguka minazi yetu.

Mpaka leo mji mzima unatupisha!

Nawe ulipozaliwa huko Nairobi, mamako aliniletea kitovu chako ndani ya leso. Mnazi wako umezaa, Saumu! Dafu la kwanza sijaliangua. Nakungoja.

Bibi yako,
Mwanasha