Kikao cha Mafundi Seremala wa Majengo kuhusu Jeneza la Mbao Mbichi

Tarehe: Jumanne, 15 Oktoba 2024, saa 10:00 jioni
Mahali: Karakana ya chama, Majengo, Mpanda
Waliohudhuria: Fredrick (Mwenyekiti), Zablon (fundi aliyetengeneza jeneza), Eustace (Katibu), wanachama sita
Mwalikwa: Katarina, mjane
Hakuwepo: Rafaeli, mwanachama mwanzilishi, aliyezikwa Jumamosi

KUMB. NA. 1/10/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa kusema, "Mbao ni mbao. Ikishapigwa randa na vanishi, hakuna anayejua ilipasuliwa lini." Katibu alipinga na kutaka iandikwe kwamba mbao yenyewe inajua. Mbao mbichi imejaa maji. Yakitoka, inanywea kwa upana, na hakuna gundi wala msumari wa kuizuia. Jeneza lilitengenezwa kwa mbao zilizotoka msumenoni asubuhi ile ile, likakaa siku nane chini ya bati la moto, binti wa marehemu akisubiriwa. Lilipofika kanisani, ubao na ubao zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha ufunguo.

KUMB. NA. 2/10/2024: MAELEZO YA FUNDI
Zablon alieleza kwamba aliharakishwa. Mwenyekiti alikana. Zablon alisema, "Bosi, si ulinipigia mara tatu?" Mwenyekiti alimtaka aheshimu kiti.

KUMB. NA. 3/10/2024: MANENO YA MJANE
Katarina alisema hakuja kugombana. "Shemeji zangu, niliona shati lake la bluu kwenye ufa. Nikavua kitenge nikaziba. Watu wakadhani ni uchungu tu."

Alikumbusha kwamba marehemu alikausha mbao zake miaka miwili jikoni kwake, akizipanga na vijiti katikati zipate hewa, yeye Katarina akipika kwa kubanana. Mwaka jana chama kiliziazima kwa ahadi ya kurudisha nyingine kavu. Aliuliza ziko wapi.

Zablon aliondoa viwiko mezani, akajibu, "Mama, ndiyo hii meza."

Katarina alipapasa maungio yote. Hayakuwa na ufa hata mmoja. Aliomba arudishiwe mbao zake. "Zitatosha jeneza langu."

KUMB. NA. 4/10/2024: UAMUZI
Mwenyekiti alisema meza ni mali ya chama, akaahirisha hoja. Katibu hakukubali, na anaandika hapa ili isomwe na wanaohusika:

Fredrick, Zablon, na nyie sita mlioinamisha vichwa: ifumueni meza hii kabla ya Jumamosi, mbao mmpelekee Katarina wenyewe, kwa mabega yenu. Mimi nitaandikia magotini.

Kikao kilifungwa saa 11:20 jioni.

Mwenyekiti: (amekataa kusaini)
Katibu: Eustace