Shati Moja Mdomoni mwa Shimo

Nyatike, Migori

Adhiambo dadangu,

Hamjambo hapo Sindo? Na goti la Mama linaendeleaje?

Ochieng', kaka yetu, hakati miwa Awendo kama alivyotudanganya. Yuko huku anachimba dhahabu. Nilipomfuata huku, nilikutana na shati lake kabla ya kumwona yeye. Huku mtu akishuka hutundika shati kwenye mti ulio mdomoni mwa shimo, na akipanda hulichukua. Shati lililobaki ni mtu aliye chini.

Nilikuwa nimeshika ile omena uliyomkaangia wakati king'ora kilipolia. Ng'ambo ya ua kuna kampuni kubwa inayopasua mwamba kwa baruti, na kikilia, wachimbaji wote wa mashimo hutoka. Wakatoka mmoja mmoja, wakavaa. Likabaki lile la bluu ambalo Mama alimnunulia Krismasi.

Nikaanza kuita. Mama mmoja anayeponda mawe akanishika mkono. "Nyamaza, tuangalie kamba."

Baruti ikalia. Ardhi ikatetemeka na udongo ukaporomoka ndani. Kamba ya kupandia ilining'inia tu imelegea, hata maombi yakanipotea mdomoni. Kisha ikakaza.

Alitoka mwekundu wa udongo mpaka kope, akavaa shati, akala omena yote. "Apa hutamwambia Mama," akasema. Nikaapa.

Sijamwambia. Nimekuandikia wewe, kwa kadi isiyo na bahasha. Mungu awatunze, na msomee Mama kwa sauti, kama unavyomsomea kila kitu.

Akinyi wenu