Raba za Kurukia Mawinguni

Kwa dada yangu mkubwa,

Salamu zangu zikukute umekaa. Nasema umekaa kwa sababu nakujua, utataka kuisoma barua hii huku mguu mmoja uko kwenye pedali ya cherehani. Gauni la watu liache kidogo, halikimbii. Hujambo lakini? Shemeji naye hajambo, bado anakoroma mpaka majirani wanaamka kabla ya saa ya kengele? Na wapwa zangu, yule mkubwa amekubali kukatwa nywele au bado anafuga kichaka? Mimi mdogo wako ni mzima wa kushika kalamu na kukuandikia. Hayo mengine tutayafikia, barua ni ndefu.

Kwanza nikupe habari ya kazi, uwatambie wateja wako. Siku ile nilipokupigia simu nikakwambia niko kiwanja cha ndege, uliguna, ukadhani nafagia. Sifagii, dada. Au tuseme nafagia Ijumaa tu. Kiwanja chenyewe ni cha nyasi, ndege ni moja, na kazi ya ile ndege ni kupanda juu mawinguni, kufunguliwa mlango, na watu kujirusha nje kwa hiari yao wakiwa na parachuti mgongoni. Dunia hii mimi nimeitembea. Nimeuza miwani bandarini, nimemenya viazi melini, nimelinda benki iliyokuwa imeshafilisika bila mtu kuniambia. Lakini sijapata kuona watu wanaolipa ili waogopeshwe.

Sasa, mimi ndiye mkuu wa idara ya viatu. Idara yenyewe ni chumba kimoja, benchi moja, rafu ya viatu vya kuazima, na mimi. Hakuna mguu unaopanda ndege ile kabla sijaushika. Wananiita Profesa wa Soli na mimi sikatai, ingawa unajua mimi na shule tuliachana njiani bila hata kuagana.

Usicheke, kazi ina elimu yake. Watu wanakuja na viatu vya kila aina kana kwamba wanakwenda kununua mkate. Mwenye ndala, huyo namrudisha mlangoni, maana upepo wa kule juu unamvua ndala kabla hajamwita mama yake, na ndala ikitoka mawinguni ikampata mtu kichwani shambani kwake, hiyo ni kesi. Mwenye mchuchumio, kisigino kinazama kwenye nyasi akitua na mguu unabaki unaangalia upande mwingine. Viatu vya ngozi vya ofisini vinateleza. Wabaya kuliko wote ni vijana wenye buti kubwa za kijeshi, zile zenye ndoano za chuma za kuzungushia kamba. Wanazipenda kwa ajili ya picha. Nawaambia, ndoano moja ikinasa uzi wa parachuti, wewe na buti lako mtakuwa na mazungumzo marefu huko juu na hakuna wa kuwaamua. Kiatu cha kurukia ni raba ya kawaida, soli laini, yenye kushika kifundo cha mguu, isibane, isipwaye, kamba zimepigwa fundo mara mbili na masikio yake yamechomekwa ndani. Nikishamvika mtu, nambonyeza vidole kwa dole gumba langu juu ya raba, namwuliza inabana wapi. Hapo hata mkubwa wa ofisi huwa mpole. Mwalimu mkuu mmoja alikuja soksi zina matundu, akaninong'oneza nisimwambie mkewe aliyesimama nje, nami nikamwambia miguu ya watu ni siri yangu kama daktari.

Na hao wanaosimama nje, dada, ndio nilitaka kukueleza. Kuna ua wa waya pembeni ya uwanja, na kila anayeruka huacha viatu alivyokuja navyo kwa mtu wake pale uani. Mke ameshika viatu vya mume, mama ameshika vya binti, wanatazama juu midomo wazi, viatu wamevikumbatia kama mtoto mchanga. Asiye na mtu ananiachia mimi. Wanakuja wachache wa namna hiyo, nami nawasimamia pale uani, nawapungia mkono wakitua, nawapigia makofi kwa nguvu zaidi ya ndugu wa wengine wote. Mmoja alinikumbatia akalia, mtu mzima, sijui hata jina lake.

Jioni narudi chumbani kwangu, juu ya duka la kinyozi. Mashine za kunyolea zikizimwa, nyumba nzima inanyamaza. Asubuhi nikitoka naacha redio inaongea, ili nikifungua mlango nikute mtu yuko katikati ya maneno. Siku yangu ya mapumziko nakwenda kazini vilevile. Karani wa tiketi, mama mmoja mkali kama pilipili, aliniuliza kwani wewe huna kwenu. Nikamjibu ninazo nyumba nyingi mno hata nashindwa kuchagua ya kwenda. Akacheka, nami nikacheka. Kisha akachukua mkoba wake akaenda kwao.

Basi mwezi uliopita mkufunzi wetu mkuu, tunamwita Mwewe kwa sababu ya pua yake na jicho lake, alinijia pale kwenye benchi akasema ni aibu, profesa gani hajafanya hata mtihani mmoja. Mteja mmoja alikuwa ameona ndege tu akageuza gari, nafasi ikabaki wazi, na Mwewe akasema jioni hiyo napanda mimi, bure. Dada, nilimwambia nimeshawahi kuruka nchi tatu tofauti. Akasema vizuri sana, basi hutanitapikia.

Nikaenda rafuni kujichagulia. Viatu vyangu vyenyewe ni vile vya ngozi ulivyoninunulia nikiondoka, vizuri mno kwa kuteleza nyasini. Nikachukua raba za bluu. Hizo asubuhi ya siku hiyo alikuwa amezijaribu daktari mmoja wa meno, bonge la mtu, akasema zinambana, akachukua nyingine. Baadaye daktari huyo akapoteza ufunguo wa kabati alimoweka nguo zake, akapiga kelele, akasema hapa wezi watupu, mpaka tukamvunjia kufuli kwa bisibisi. Nikazivaa zile raba zake alizozikataa, nikapiga fundo mara mbili. Hakuna aliyenibonyeza vidole, maana wa kubonyeza ni mimi. Basi nikajiuliza mwenyewe kwa sauti, inabana wapi Profesa? Nikajijibu, haibani popote. Na ndivyo ilivyokuwa, dada. Sikusikia kubanwa popote.

Nilifungwa tumboni kwa Mwewe kama mtoto aliyebebwa vibaya. Mlango ulipofunguliwa nilikumbuka kila mtu ninayemdai na anayenidai nikamsamehe. Tukaanguka. Nilipiga ukelele ambao watu wote nimewaambia ulikuwa wimbo, lakini wewe nitakwambia: nilikuwa naita dada, dada. Mwewe naye alitangaza baadaye kwamba alidhani namwita mhudumu aniletee soda. Halafu parachuti ikafunguka na kila kitu kikanyamaza. Uwanja ulikuwa chini umetandikwa kama kitambaa juu ya meza yako, na zile njia nyeupe kama ulivyozichora kwa chaki kabla ya kukata. Nikasema nikitua nitamsimulia mtu hili la chaki. Nikainua miguu kama ninavyowafundisha wengine, tukatua kwa makalio, salama.

Waliotua nyuma yetu walikuwa maharusi wawili, kila mmoja na mkufunzi wake. Uani watu walifurika, shangazi wanapiga vigelegele. Mwewe akanifungua, akanigonga bega, akakimbia kuandaa mteja mwingine. Nikabaki nimesimama katikati ya nyasi, mdomo umejaa maneno. Mwanamke mmoja uani akanipungia mkono. Nikampungia kwa mikono yote miwili. Alikuwa anawapungia maharusi nyuma yangu, dada. Nikajifanya nakuna kichwa. Kisha nikavuka uwanja mzima peke yangu mpaka kwenye chumba changu cha viatu, nikijisimulia kwa sauti ya chini ile habari ya chaki.

Nikakaa kwenye benchi nikavua raba ya kulia. Soksi ilikuwa nyekundu kwa damu. Nikaikung'uta, ukadondoka ufunguo wa daktari wa meno. Inaelekea aliutumbukiza ndani ya raba alipokuwa anajaribu, usimpotee, akausahau humo. Mimi nikauvaa. Nilitembea nao mchana wote, nikapanda nao ndege, nikaanguka nao kutoka mawinguni, umejichimbia chini ya vidole vyangu, na sikusikia kitu.

Kwanza nilicheka. Nilitaka kutoka nje nitangaze kwamba mwizi amepatikana. Halafu nikabonyeza kwa dole gumba langu pale palipochanika, kama ninavyowabonyeza wateja. Hakuna. Nikabonyeza kwa nguvu. Ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine ambaye hakuja kuuchukua.

Nilifunga kitambaa nikanyamaza. Siku zikapita, nikawa nachechemea na kusema ni mtindo mpya. Aliyegundua ni Mwewe. Aliingia chumbani akasema humu kuna kitu kimeoza, nikamwambia ni soksi za mwalimu mkuu. Hakucheka. Akanivua kiatu mwenyewe kwa mikono yake, akatazama, akaniweka garini kwake mpaka hospitali.

Hospitalini muuguzi mmoja mdogo kwa umri alinifumbisha macho. Alikuwa na uzi mgumu kama wa kuvulia samaki, akasema atanigusa nao mguuni, nikisikia niseme ndiyo. Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo tena, nikamwongezea ndiyo nyingine kwa ukarimu. Akaniambia taratibu kwamba alikuwa bado hajaanza.

Ni sukari, dada. Ile ile ya mama.

Daktari anasema imekuwa ndani yangu muda mrefu inanila bila kubisha hodi. Sindano zimezuia usaha usipande, lakini kidole kidogo cha mguu wa kulia na jirani yake havirudi tena, wiki ijayo vinaondolewa. Vikibaki, kitakachofuata ni mguu. Nimewaambia vidole viwili si kitu, vilikuwa vinakaa bure humo. Wodi nzima imecheka. Halafu wageni wa saa ya kuonana wakaingia, kila kitanda kikapata watu wake, nami nikajifunika shuka nikajifanya nimelala.

Muuguzi aliniuliza nani atakaa nami nikitoka chumba cha upasuaji, maana wanataka mtu, si jirani, mtu wangu. Nikaanza kumtajia mabaharia na wapishi niliowahi kuishi nao. Akangoja na kalamu mkononi mpaka nikaishiwa. Ndipo nikasema dada yangu atakuja.

Nilisema hivyo bila kukuuliza. Simu ningeweza kupiga, lakini kwenye simu ningekuchekesha, ungecheka, tungeagana, na hili lisingesemwa. Najua ninachokuomba. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwepo, mimi ndiye niliyeshika sabuni wakati wewe ukiosha mguu wa mama kwenye beseni, na nilikuona ulivyokuwa ukigeuza uso ili asione. Nilikusikia siku tuliyotoka kumzika ukisema hutaingia tena wodi ya namna ile, hata akilazwa nani. Ukishindwa, dada yangu, nitaelewa, na sitakudai neno. Nitamwambia muuguzi umepata udhuru. Lakini safari hii sitanii. Naogopa. Kule juu mlangoni sikuogopa hivi.

Kabla ya yote, nawe nenda kapime. Leo hii, si wiki ijayo. Na shemeji umburute.

Dereva aliyekuletea barua hii ni rafiki yake Mwewe, mtu wa adabu ingawa haongei. Lori lake linarudi huku kesho alfajiri na kiti cha mbele kiko wazi. Nimemwambia akishakukabidhi asiondoke, asubiri nje umalize kusoma, wala asikuharakishe. Mwulize yeye njia, mwulize na hali yangu, atakwambia ukweli kwa sababu hajui kupamba.

Msalimie shemeji, nisamehe kwa habari ya kukoroma. Wapwa zangu wabusu vipaji vya nyuso, yule wa kichaka mwambie mjomba anamtetea. Majirani wote wanaoniulizia waambie nimeruka kutoka mawinguni, hilo ni kweli tupu.

Nakungoja kitanda cha mwisho, upande wa dirishani.

Mdogo wako,
Kitindamimba