Tuko Wadi

Al Khuwair, Maskati
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Kwa dada yangu Jawaher,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemegi na watoto, na kwamba magoti yako yamepunguza kelele zake. Huku nasi tunamshukuru Mungu. Joto limeanza, ila bado si la kulalamikiwa. Mama hajambo. Narudia, maana najua jicho lako limekimbilia neno hilo kabla ya mengine yote: Mama hajambo, anakula, anasali kwa kusimama, na jana kanigombeza kwa sababu ya chumvi.

Utashangaa kupata karatasi badala ya meseji. Mara ya mwisho kuandika barua kwa mkono nilikuwa skuli, na mwandiko wangu unauona ulivyo, kama kuku kapita. Hii ni amri ya Mama. Kasema kwa jambo hili simu nisiiguse, simu ndiyo iliyotufikisha hapa, na kwamba mkono wa mwenye kuandika kwa kalamu huchoka upesi kusema uongo. Basi tangu asubuhi niko mezani, na hii ni chai ya tatu.

Kwanza niwie radhi kwa ule ujumbe. Nilikuandikia, "Mama na mie tuko wadi toka Alkhamis, hatuwezi kutoka, tuombeeni dua." Dada yangu, miaka arubaini ya Omani imenitoa akili. Huku wadi ni bonde baina ya majabali, kavu karibu mwaka mzima, na mvua ikipiga juu linashusha maji. Nikasahau kabisa kwamba kwenu Unguja wadi ni pale penye vitanda vya chuma na wauguzi. Shemegi kanihadithia baadaye kwamba ulikaa chini sakafuni, ukawakusanya wanawake wa mtaa mzima kusoma Yasin, na kwamba jirani mmoja alikwishaanza kuulizia masufuria makubwa yako kwa nani. Nilimwambia ni bonde tu, na zaidi ya hapo sikumwambia kitu.

Habari yenyewe ilianza hivi. Unajua tangu mama mdogo Shariffa apate kiharusi ukawa unamuuguza hapo kwako, Mama kapoteza Ijumaa yake. Kila Ijumaa walikuwa wakipigiana simu baada ya sala, wakitetana, wakicheka, wakigombana kuhusu nani aliyevunja birika la marehemu bibi. Sasa mama mdogo hawezi kutamka, na simu haina kazi tena baina yao. Wewe ndiwe uliyenambia kwamba kila ikipigwa hodi anageuza uso mlangoni, na kwamba anayetaka kumwahi asikawie. Nami nikakujibu kwamba daktari kamkataza Mama kupanda ndege. Huu ni mwezi wa saba toka nikupe jibu hilo.

Nikaona Mama anazidi kunyong'onyea. Nikasema nimpeleke mahali penye kijani na maji, apunge upepo, roho yake isahau Unguja kidogo. Akanambia hendi popote bila ya Mudiri. Mudiri ni paka wake, dume la manjano lililokuja mlangoni mwaka aliofariki mke wangu Maha. Kalipa yeye jina hilo la mkurugenzi, kwa kuwa halifanyi lolote ila kukaa na kutazama wenziwe wakihangaika. Kasema mie nimemaliza miaka ishirini na sita wizarani bila ya kuwa mudiri wa kitu chochote, basi angalau nyumba ipate mmoja.

Mahoteli hayataki paka. Kijana mmoja wa ofisini akanionyesha istiraha moja, nyumba ya mapumziko inayopokea watu na wanyama wao, ndani kabisa ya milima nyuma ya Quriyat. Ni mwendo wa saa mbili na ushei, na kipande cha mwisho njia yenyewe ndiyo hilo bonde, gari inakwenda juu ya mawe. Mwenye nayo anaitwa Aflah, mwanajeshi mstaafu, kajenga vyumba vitatu juu ya kilima kidogo karibu na mitende na migomba. Kila chumba kina kiua chake, bakuli la udongo la maji, sanduku la mchanga la paka, na mlangoni kulabu ya kufungia kamba ya mbwa. Alituuliza jina la paka kabla hajatuuliza letu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, nikajipongeza kwamba dawa imefanya kazi.

Alkhamis alasiri mawingu yalikaa juu ya jabali. Kwetu halikuanguka hata tone. Nikasikia kama malori yanakuja, nikatoka nje, nikaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yanashuka yakisukuma mawe makubwa kuliko friji, na ile njia tuliyoijia ikapotea mbele ya macho yangu. Aflah akasema wadi imeshuka, kwa sauti ile ile ya mtu anayesema kahawa tayari. Nikamuuliza tutatoka lini. Akanambia maji yakipungua na greda likija, siku tatu, tano, Mungu ndiye ajuaye. Nyumba iko juu, hatari hakuna, chakula kipo. Ila kutoka, hapana. Umeme nao ukakatika Ijumaa, na simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, kwenye jiwe moja juu ya zizi la mbuzi. Hapo ndipo nilipokuandikia ule ujumbe.

Sijapata kufungiwa maishani mwangu, Dada. Huku jabali, kule jabali, mbingu imebaki kipande cha kanga. Asubuhi nilikuwa naingia garini, nakaa nyuma ya usukani, natoka. Mgeni mwenzetu alikuwa kijana mmoja, Yazan, na mbwa wake wa kuwindia, mwembamba, naye kachoka kufungwa kama sisi. Ijumaa nikipita na ndoo akanilamba mkono. Mama alikuwa kibarazani, akaniona. Nikaoshwa mara saba, ya kwanza kwa udongo, yeye akihesabu kwa sauti. Nilipofika tano akasema nimeruka moja, nikaanza upya. Mtu wa miaka hamsini na nne, mbele ya wageni.

Pale kwa Aflah kuna mfanyakazi wa Kiganda, Nabirye, anayewatunza wanyama. Kiswahili chake cha bara, lakini Mama alipokisikia alifurahi kama kapata jamaa. Wakawa wanakaa pamoja wakichambua mchele. Mama akamuuliza lini atakwenda kwao. Nabirye akamwambia mkataba wake unamalizika mwezi wa kumi, na siku ya pili yake yuko kwa mamake. Mama akamwambia amebarikiwa.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa na simu yangu, anasikiliza Kur'ani. Akamwambia Nabirye amshike mkono wapande mpaka kwenye lile jiwe, anataka kusikia sauti yako. Mie nilikuwa chini zizini, sikujua. Hawajakaa vizuri simu ikalia yenyewe, nawe ndiye mpigaji. Nabirye akaweka sauti kubwa kwa ajili ya masikio ya Mama, na bonde lile linarudisha sauti, kwa hivyo nami nilikusikia kila neno. Ulikuwa unalia. Ulisema, "Mama, mie nlijua! Daktari alipokukataza ndege nlijua una maradhi makubwa mnanficha. Wamekulaza wadi gani?" Mama akasema, "Daktari gani?" Hapo simu ikakatika, na tangu siku hiyo wewe umebaki na maneno hayo mawili.

Mie nilibaki na mengi zaidi. Mama aliteremka taratibu, akakaa kwenye kiti cha kibarazani, akaniita. Akasema, "Jawaher anasema daktari. Wewe ulinambia Jawaher ana mafundi nyumbani, hamna pa kulala. Nambie, nani katika nyie mwongo?" Nyumbani Al Khuwair ningesema nachelewa kazini, au simu inalia, nikatoka. Pale hapakuwa na pa kutokea. Mbele maji, nyuma jabali, na Mama kaweka mikono mapajani anangoja.

Basi nakuandikia nililomwambia. Hakuna daktari aliyemkataza Mama kusafiri. Nilimpeleka kweli, na daktari Mhindi akasema kwa Kiingereza kwamba moyo wake mzuri, sukari inadhibitika, aende tu, ila ndani ya ndege anywe maji na anyanyuke mara kwa mara. Mama hajui Kiingereza. Aliniuliza kasema nini, nikamwambia kasema sukari imekaa sawa. La safari nikalimeza. Jioni nikakwambia wewe kwamba kakatazwa ndege, na wiki hiyo hiyo nikamwambia Mama kwamba wewe umeomba asubiri, una mafundi. Khalafu kila mmoja wenu nikamuusia asilitaje kwa mwenzake, kwamba linamuumiza. Nanyi kwa adabu zenu mkanyamaza miezi saba. Nilijificha nyuma ya adabu zenu.

Utauliza kwa nini. Si uhasidi, wala si uvivu wa kushughulikia safari. Ni woga. Maha kaondoka, binti yangu Alaa kaolewa Salalah, nyumba ina vyumba vitano na sauti moja, sauti ya Mama akisoma uradi baada ya Alfajiri. Nilijua akikanyaga Unguja, akakaa kando ya kitanda cha nduguye, harudi tena. Nilisema nimzuie mwezi mmoja nizoee. Mwezi ukazaa mwezi. Na kila uliponambia hali ya mama mdogo imezidi, nikaogopa zaidi kusema kweli, maana nilikuwa nishakula siku zao. Nnaona haya, Dada. Nnaona haya hata ya kalamu.

Mama hakupiga kelele. Alitazama maji, akasema, "Mkono uliolambwa na mbwa nmekuosha mara saba. Ulimi wako nkuoshe mara ngapi?" Akaingia ndani. Tangu pale mpaka Jumatatu hakusema nami neno. Tulikula sinia moja, mimi upande huu na yeye upande ule, chumba kimoja, mlango mmoja. Alizungumza na Nabirye, akazungumza na paka, hata Yazan akampa salamu za mbwa wake. Nilimsikia akimwambia Nabirye, "Wewe mkataba wako una mwisho. Wangu kauandika mwanangu, kasahau kutia tarehe." Nikaenda kukaa garini. Siku zote nilidhani nimemweka Mama salama. Ilinichukua siku nne za kufungwa na maji kujua miezi saba ya kufungwa na mwanao ikoje.

Jumatatu greda lilikuja. Mama alikaa kiti cha nyuma na Mudiri mapajani, na tulipofika njia ya lami akasema maneno yake ya kwanza: nisipite nyumbani, niende moja kwa moja kwa wakala wa ndege. Tulikwenda, kandambili zetu zina tope. Anasafiri Alkhamis hii, anafika kwenu alasiri. Nilimwomba nimsindikize, kakataa. Nilimuuliza lini atarudi, akanambia hilo atalijibu dada yake, siku atakayoweza kutamka. Paka anabaki. Kasema kuna mtu nyumbani humu anataka mkubwa wa kumtazama. Dawa zake za sukari nitazitia katika mkoba mdogo, moja asubuhi na moja magharibi, na usimwamini akisema keshakunywa.

Nilikuwa nataka kumpa barua hii jamaa anayekuja Unguja kesho, ikutangulie. Sasa hivi Mama kaingia, kaniuliza nimefika wapi, nikamwambia nimefika mwisho. Kasema ataibeba mwenyewe. Macho yake hayasomi mwandiko wa kuku, kwa hivyo utamsomea wewe, kwa sauti, kando ya kitanda cha mama mdogo Shariffa, kwa kuwa naye kadhulumiwa na ana haki ya kusikia. Nilitaka kuichana niandike nyingine nzuri zaidi. Kasema hii hii.

Basi nisalimie shemegi, nisalimie watoto mmoja mmoja, na jirani wa masufuria mwambie tunashukuru kwa haraka yake. Nawe Dada, niwie radhi kwa machozi niliyokuliza bure na yale niliyokuliza kwa haki.

Mama mdogo, mtu aliyekaa ubavuni mwako angekuwa hapo miezi saba iliyopita. Si yeye aliyekawia. Ni mie.

Na wewe Mama, kwa kuwa unasikia. Tangu tutoke wadi sijakuomba msamaha, maana kila nikifungua mdomo unautazama ulimi wangu. Hapa ulimi haumo. Nisamehe. Usimpe Jawaher jibu aniletee. Kaa na nduguyo, kaa kadiri roho yako itakavyo, na mlango wa huku sitaufunga wala kuufungua kwa niaba yako tena.

Mwanao, na nduguyo,
Sleyum