Kwa Earlene, Aliyeimba Mbele

Mwaka umezunguka tangu ulipotutoka, Mama, asubuhi ile ya Machi ambapo theluji ya mwisho ilikuwa bado imeshikilia ngazi za mbele za nyumba. Ulikuwa umesema utaifagia mwenyewe ukishaamka. Hukuamka. Theluji ikayeyuka bila kuguswa, kwa sababu hakuna mmoja wetu aliyethubutu kuushika ufagio wako.

Ulikuwa mtu wa pasi. Ulipiga pasi mashuka, vitambaa vya sahani, hata aproni ya jikoni ambayo ulijua ingechafuka kabla ya saa tatu. Katika jiko la shule ulikopika kwa zaidi ya nusu ya maisha yako, ulimtambua kwa kumtazama tu mtoto aliyetoka nyumbani bila kula, nawe hukumwaibisha. Ulimwita kwa ukali wa kujifanya: “Wewe, rudi hapa! Nani kakuruhusu kuondoka na sahani nyepesi hivyo? Unataka mama yako aseme sijui kupika?” Mtoto alirudi akinung’unika, akaondoka na makaroni yaliyofurika. Hakujua kwamba mwanamke huyo mwenye wavu kichwani aliwahi kusimama mbele ya ukumbi mzima wa Philadelphia, watu wakipiga kelele hadi hakusikia ngoma iliyokuwa nyuma yake.

Mwaka 1962 mlikuwa watatu: wewe, mdogo wako Ozella, na jirani yenu Marvelle Pruitt. Mlijifunzia kuimba kwenye ngazi za shule, kwa kuwa kuta zake za mawe ziliirudisha sauti ikiwa imenenepa. Wewe ulisimama mbele, wao wakasimama nyuma yako kidato kimoja juu. Magauni yenu ya kwanza uliyashona kwa kitambaa cha mapazia, na uliyapiga pasi mara mbili. Kampuni ya santuri ikawapa jina Dauphinettes, kutokana na jina la mtaa wenu. Katika wimbo uliowatoa, wewe uliuliza, “Wasichana, nimwamini?” nao wakajibu, “Mwamini, mwamini, oo.” Wimbo huo ulivuma nchi nzima kwa majira mawili ya joto. Baadaye simu ikaacha kulia, nawe ukaenda kupika.

Wanaoandika historia ya muziki wa pop hupenda kuanza na vijana wa kiume waliobeba magitaa. Ni nadra kutaja kwamba wengi wa vijana hao walijifunza kazi yao kwa kuzisikiliza santuri za wasichana kama ninyi. Msichana mmoja anatoa siri yake mbele, wenzake wanamjibu nyuma; ngoma inagonga kama moyo ulioshtuka; makofi yanaingia; maneno mepesi yanarudiwa hadi yanakuwa mazito. Umbo hilo limevuka bahari zote. Leo hii wasichana wa Seoul, wa Lagos na wa London wanasimama kama mlivyosimama kwenye zile ngazi, na wengi wao hawajui ni nani aliyewapanga.

Wewe ulijua, wala hukukasirika. Mjukuu wako Brielle, ambaye huimba studio nyuma ya waimbaji wakubwa, alikuwa akifungulia nyimbo za siku hizi huku wewe ukikata mboga. Ulikuwa ukisimamisha kisu.

“Huyo ni Ozella.”

“Bibi jamani, huyo ni mtoto wa miaka kumi na tisa. Hata Philadelphia hajawahi kufika.”

“Na mimi nakwambia ni Ozella. Msikilize anavyoburuta hiyo ‘oo’. Kaazimwa.”

“Na wewe huoni uchungu? Dunia nzima inaimba vitu vyenu na hakuna anayewataja.”

“Mtu kavaa nguo yako, ikampendeza. Utamvua barabarani?” Ukaendelea kukata mboga.

Kisha kiharusi kikampata Ozella. Mkono wa kulia ulirudi polepole, lakini maneno hayakurudi. Aliposhindwa kuomba hata maji, alipiga meza na kulia. Wewe ndiye uliyegundua, kabla mtaalamu yeyote hajatueleza kwamba jambo hilo linajulikana kitabibu, kuwa asichoweza kukisema anaweza kukiimba. Asubuhi moja ulisimama mbele ya jiko, ukampa mgongo kama zamani, ukaimba kwa sauti ya ule wimbo wenu: “Ozella, chai au kahawa?” Nyuma yako likatoka jibu, safi, mahali pake hasa: “Kahawa, kahawa, oo.”

Kwa miaka mitano mliishi hivyo. Nyumba yenu ilikuwa tamthilia ya kuimba. Ulimwuliza kama amelala vyema, kama anataka kwenda kanisani, kama mhubiri mpya anamfaa. (“Marefu, marefu, oo,” alijibu palepale kanisani kuhusu mahubiri, na waumini wa viti viwili vya mbele walisikia.) Hatukuwahi kujiuliza ingekuwaje mmoja wenu akiondoka. Tunakiri hilo sasa kwa majuto.

Siku ya mazishi yako Ozella aliketi kiti cha kwanza, glovu nyeupe mapajani, macho makavu. Kwaya ikaimba, yeye hakuimba. Tangu siku hiyo hakutoa sauti. Na kufikia majira ya kupukutika kwa majani alianza kuacha kula.

Binti yako Lavonne alihamia katika nyumba yenu ili amtunze. Unamjua: ndiye pekee katika ukoo wetu aliyezaliwa bila sauti ya kuimba, nawe ulikuwa ukimtania kwamba aliombwa kwa heshima na kwaya ya watoto apige makofi tu. Alimpikia mama yake mdogo kila alichokumbuka kwamba alikipenda: mboga na nyama ya bata mzinga ya moshi, pai ya viazi vitamu, uji laini wa mahindi wenye siagi. Ozella alifungua kinywa mara moja, mara mbili, kisha akageuzia uso dirishani. Nguo zikaanza kumpwaya. Daktari akasema kwa upole kwamba kama hali haitabadilika, itabidi uchaguzi ufanywe kati ya mpira wa kumlishia tumboni na kumwacha apumzike, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kueleza anachotaka, Lavonne ndiye atakayeamua.

“Nimwamulie mimi?” Lavonne alimwambia Brielle jikoni. “Mtu mzima, kichwani mwake yumo mzima, halafu mimi ndiyo niseme aishi au asiishi? Mimi ni nani?”

“Mama, tumpe nafasi ya kusema. Bibi Earlene aliweza.”

“Bibi yako Earlene yuko kaburini.”

Hapo ndipo tulipoanza kuitafuta sauti yako popote ilipobaki. Lavonne aliitoa santuri yenu ya zamani, akaiweka chini ya sindano. Ulisikika ukiwa na miaka kumi na saba, ukiuliza kama umwamini yule kijana. Ozella alitazama ukuta. Sauti yake mwenyewe, ya ujana wake, ilijibu kutoka kwenye spika, lakini midomo yake haikutikisika.

Brielle akajaribu mwenyewe. Mjukuu huyo ana sauti yako, Mama, hata watu wa kanisani hushtuka wakimsikia. Alisimama mbele ya jiko, akampa mgongo, akaimba: “Bibi Ozella, chai au kahawa?” Akarudia kwa wimbo wa pili, wa tatu. Alileta nyimbo zinazovuma sasa, zile ulizosema zimemwazima Ozella, akaimba sehemu za mbele moja baada ya nyingine na kuacha pengo la jibu. Mapengo yakabaki mapengo. Mwishowe akaketi sakafuni na aproni yako usoni.

“Hanitaki,” alisema. “Naimba sawasawa kabisa, noti kwa noti, na hanitaki.”

Lavonne akampigia simu Marvelle, ambaye siku hizi anaishi Baltimore na nyonga zake haziruhusu safari. Akaiweka simu mezani ili asikie, na Brielle akaimba tena.

“Nani huyo?” sauti ya Marvelle iliuliza.

“Brielle, Bi Marvelle. Mjukuu wa Mama.”

“Mbona hapumui?”

“Samahani?”

“Mtoto anaimba kama friji! Anaanza tu, hakuna dalili. Sasa Ozella aingie wapi?” Marvelle alikohoa kwa hasira. “Lavonne, nisikilize mwanangu. Pale kwenye ngazi hatukuwa na ngoma. Hatukuwa na mtu wa kutuhesabia moja, mbili, tatu. Tulikuwa nyuma ya mama yako, hata uso wake hatuuoni. Tulichokuwa nacho ni pumzi yake. Alikuwa anaivuta kwa nguvu, kama mtu anayetoka majini, mabega juu, unaisikia mpaka ghorofa ya pili. Akivuta, tumeshajua. Akivuta hivi, tunaingia taratibu. Akivuta vile, tunaingia kwa kishindo.”

“Lakini kwenye santuri haisikiki.”

“Itasikikaje? Fundi wa kurekodi alimkemea mpaka akalia. Eti anapumua kama farasi. Akamwamuru ageuze uso pembeni, na ilipobaki kidogo akaikata kwenye utepe kwa wembe. Sisi wawili ilibidi tumtazame mabega tu. Na watoto wote waliokuja baadaye wamejifunza kwetu kupitia zile santuri, mpaka huyo wako. Wamechukua kila kitu. Hicho kimoja hakikuwamo.”

Wengine wetu, wapwa zako, tumetumia miaka vyuoni tukieleza walichorithi waimbaji wa leo kutoka kwenu. Hatukuwahi kufikiria kilichobaki kwenye sakafu ya studio.

Brielle alijaribu kwa wiki nzima. Lakini walimu wake walikuwa wamemfundisha tangu utotoni kuificha pumzi, na alipoilazimisha itoke ilitoka kama ya mwigizaji. Ozella alimtazama kwa huruma, jambo lililomuumiza zaidi kuliko kutotazamwa. Kijiko cha supu kiliendelea kurudi kwenye bakuli kikiwa kimejaa. Daktari akaomba jibu kabla ya Krismasi.

Mchana mmoja Lavonne alikuwa peke yake naye. Supu ilikuwa imepoa, akaipasha moto, ikapoa tena. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku nyingi. Aliinua kijiko, Ozella akafunga kinywa, na supu ikamwagika kwenye blauzi ya Ozella ambayo Lavonne alikuwa ameipiga pasi asubuhi hiyo. Kitu kikakatika ndani yake. Alisimama, akampa mgongo ili asimwone akifura, akavuta pumzi kubwa ya kupiga kelele, pumzi iliyompandisha mabega hadi masikioni.

Kabla hajatoa neno, nyuma yake kukasikika: “Oo.”

Kelele ilimwishia kooni. Hakugeuka, aliogopa kugeuka. Aliushika ukingo wa jiko. Alijua kwamba nyuma yake kuna mtu anayesubiri mstari, na kwamba mstari huo lazima uwe wa kweli. Akavuta tena vilevile, kwa nguvu, kisha akaimba kwa ile sauti yake mbovu isiyokaa kwenye noti yoyote:

“Mama Mdogo, Earlene amekufa.”

“Najua, najua, oo.”

Machozi yalimshuka Lavonne lakini hakuacha, kwa kuogopa kwamba mlango ungejifunga. Akavuta pumzi.

“Mama Mdogo, utakula?”

Jibu lilikuja mahali pake hasa, safi kama lilivyokuwa likija kwako:

“Sitaki, sitaki, oo.”

Tulikuwa tumeikosa sauti hiyo kwa miezi tisa, Mama. Hatukuwa tumejiandaa kwa itakachosema. Lavonne alipogeuka hatimaye, alimkuta mdogo wako akimtazama usoni, ametulia, kama mtu aliyeulizwa kwa heshima akajibu kwa heshima. Lavonne aliketi kando yake akamfuta supu kwenye blauzi. Jioni alimpigia daktari simu akamwambia kwamba hataamua lolote kwa niaba ya mtu anayeweza kujibu mwenyewe.

Mpira haukuwekwa. Tangu hapo Lavonne humpa mgongo kila wakati wa chakula, huvuta ile pumzi aliyoirithi kwako bila kujua, na humwuliza. Mara nyingi jibu ni lilelile. Siku ya Mwaka Mpya lilikuwa “kidogo, kidogo,” na alikula uji vijiko vitano. Juzi lilirudi kuwa sitaki. Amekonda sana. Siku moja Lavonne alimwuliza kama anatamani kukufuata, na kwa mara ya kwanza Ozella hakuingia kwa wakati wake, alichelewa, akafikiri, kisha akaimba, “Sijui, sijui, oo.”

Tunaandika haya mezani kwako, na supu iko motoni. Hatujui atajibu nini leo. Lavonne ameshasimama mbele ya jiko.

Wanaokukumbuka ni binti yako Lavonne Tisdale, mjukuu wako Brielle, mdogo wako Ozella, ambaye ameulizwa kama jina lake liwemo humu na akajibu kwamba liwemo, Marvelle Pruitt wa Baltimore, uliyemwita dada, wapwa zako wote, wanakwaya wenzako, na wapishi wa jiko la shule.

Maadamu tuko hai, Earlene, hutasahaulika.