Simu za Wema na Simu za Golbanti

Nairobi, 9 Aprili 2024

Dada Tuneya,

Shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje? Mpunga umeota? Mimi mzima, masomo tu yananikaba.

Nasikia simu zangu za majaribio mmeshagawana. Mtandao ukikatika, ujumbe utapita simu hadi simu mpaka umfikie mwenyewe. Zenu za hapo kijijini Wema zinaulizana njia kila wakati, kwa hiyo zinakula chaji, lakini msizizime. Za kijiji cha Golbanti zinatafuta njia pale tu mtu anapotuma, chaji yao inadumu. Mvua zikiisha nitalinganisha zipi zimefanya vizuri, nimalize tasnifu.

Mdogo wako,
Levis

Garsen, 12 Mei 2024

Levis,

Marahaba. Mama hajambo, niko naye hapa kambini. Shamba lote limeingia maji.

Mafuriko yalipokuja mtandao ulikatika. Nilimwandikia mwenye boti ya kuokoa watu kijijini kwetu, akajibu kabla sijafunga mzigo. Golbanti haikuwa hivyo. Watu walikuwa wanahama, huyu juu ya tuta, yule kwenye mtumbwi. Nelly, binti wa shangazi, akashikwa na uchungu wa kujifungua. Mumewe alimtumia ujumbe Hirbo, mwenye boti yao. Simu ikabaki inatafuta njia. Ikiipata, watu wameshasogea, inaanza upya. Hirbo alikuwa nyuma ya shule tu, hana habari. Alipofika, mtoto ameshafariki. Nelly yu hai.

Watu wa Golbanti wananiuliza, "Kwa nini zenu ziliongea?" Levis, ulijua?

Dada yako,
Tuneya

Nairobi, 3 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Poleni sana. Mama anapata usingizi? Barua hii nimeianza na kuifuta mara nyingi.

Nilijua. Kwenye kompyuta nilishaona kwamba watu wakihama kwa haraka, simu za aina ile zinachelewa. Ningeweza kuzibadilisha zote kabla ya mvua, lakini nisingekuwa na cha kulinganisha. Na nilipoamua kijiji kipi kipate zipi, sikuiachia bahati nasibu iamue. Nilimfikiria mama.

Mwalimu wangu ameyasifu matokeo. Nilitoka ofisini kwake nikaja kukuandikia.

Usimwambie Nelly kwanza. Nitatafuta namna.

Mdogo wako,
Levis

Golbanti, 11 Juni 2024

Levis,

Marahaba. Mama ameanza kutembea, na mimi nimekuja kwa Nelly kumsaidia kusafisha nyumba.

Nimeshamwambia. Nisingeweza kula naye sahani moja huku najua. Aliendelea kutoa matope mlangoni. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo alituchagua sisi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Aje aniambie mwenyewe."

Na mimi nina langu. Nikikumbuka lile jibu la boti lilivyoingia upesi, nafurahi, halafu nashindwa kumtazama Nelly usoni.

Barabara imefunguka.

Dada yako,
Tuneya

Garsen, 15 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeshuka Garsen tangu asubuhi. Nimekaa hotelini, chai imepoa, kila pikipiki inayosimama naiacha iende. Mwambie Nelly kwamba... Hapana. Usimwambie kitu. Nakuja.

Mdogo wako,
Levis