Tekla na Watu wa Getini

Tekla mdogo wangu,

Mtoto amelala begani, na nikimlaza tu anaamka. Kwa hiyo naandika nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji, mkono mmoja uko mgongoni kwake. Nimechoka, Tekla. Jana nilitia chumvi kwenye uji, nikasahau, nikatia tena. Nikakaa chini jikoni nikautazama tu.

Lakini tanga lako tumeshalianua, kule Mkuyuni kwa mama mkubwa. Jina lako amepewa huyu niliyembeba, kama kwetu Waluguru inavyotakiwa, mtoto wa dada. Sasa naye ni Tekla. Mama mkubwa alimchukua mikononi mbele ya watu wote, akamkazia macho: "Tekla, kitenge changu ulichoazima kiko wapi? Umerudi, basi nirudishie!" Mtoto akamcheulia maziwa kifuani. Watu walicheka mpaka wakalia, halafu wakalia kweli.

Sasa nikwambie yaliyotokea na lile gemu lako.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabishana? Wewe umelala hapa Mwembesongo, selimundu imekukamata mifupa, chupa ya maji ya moto ubavuni, simu usoni. Mimi nafua, nakusema. Gemu kubwa, gemu kubwa, ukubwa wenyewe uko wapi kwenye kioo cha kiganja? Uwanja wa mpira nao unajaa watu. Ukanijibu bila hata kugeuka: "Dada, mpira ukiisha watu wanakwenda kwao. Huku hakuna kipenga cha mwisho." Ukasema yapo magemu yanayojisifu kuwa na watu kibao, kumbe wanawekwa wachache wachache, kila kikundi na chumba chake, wakimaliza wanatawanyika na hakuna kinachobaki. Lako lilikuwa dunia moja kwa wote. Mtu akikata mti, wewe ukipita kesho unakuta kisiki. Ukilala wengine wanajenga, ukiamka unakuta daraja.

Na wewe, ambaye milima hii uliitazama dirishani tu kwa sababu baridi ya juu ilikuwa inakuumiza, huko ulikuwa na kazi. Ulisimama getini, pale watu wanapoingilia, na taa yako, ukipokea wageni. Mtu akiingia mara ya kwanza, hajui kushoto wala kulia, unampeleka kisimani, unampa mkate, unamwonyesha pa kulala. Nilikuwa nakucheka. Nyumbani huinuki kufungulia mtu mlango, huko unapokea dunia nzima!

Baada ya mazishi niliingia na ile paswedi uliyonipa, niwaambie. Kabla sijaandika chochote wakanijaa: "Tekla! Ulikuwa wapi? Wageni wanapotea!" Watu nisiowajua, Tekla. Wengine sijui hata wako nchi gani. Walikuwa wameona hupo. Nikaandika kwamba mimi ni dada yake, Tekla amefariki. Nikazima simu, sikuweza kusoma majibu mpaka kesho yake: walikuwa wanauliza tanga ni lini na wapi, nikawaelekeza.

Halafu nikafanya kosa la kumwambia mama mkubwa kwamba marafiki zako wa kwenye simu ni zaidi ya elfu na wanataka kuja kwenye tanga. Nilimaanisha watakusanyika hukohuko ndani ya gemu. Yeye akaenda kuazima masufuria ya jumuiya, yote, pamoja na lile la harusi. Wakapika wali wa kulisha kata. Waliofika kwa miguu yao ni wawili: binti mmoja wa chuo na kijana anaitwa Rama, wa Turiani. Mama mkubwa akamwuliza Rama, "Wenzenu wako nyuma?" Rama akamwonyesha simu. Getini kwako palikuwa pamejaa mpaka barabarani, kila mtu kashika taa, hakuna anayesogea. Mama mkubwa akaitazama muda mrefu. Akasema, "Na hawa wote nani anawalisha?" Kisha akaita watu wa sokoni waje wale. Wali haukubaki.

Hapo ndipo Rama akaniambia jambo ambalo limenikosesha raha. Huko kwenye gemu mtu asipoonekana kwa muda mrefu, nyumba yake inaanguka yenyewe, inafutika. Akasema, "Dada, nipe paswedi. Nitakuwa namwingiza mimi. Tekla atasimama getini kama zamani, hataondoka."

Nilitaka kukubali. Nani asingetaka? Lakini nilimtazama mtoto na jina lake jipya, nikafikiri: huyu jina tumempa mbele ya watu, kila mtu anajua wewe umekwenda na huyu ni mwingine. Sasa mgeni afike getini, aone jina lako na sura yako, anajibiwa na mwanaume wa Turiani? Hapana. Nikamwambia, "Rama, mdogo wangu hachezeshwi."

Nikaingia mwenyewe. Kutembea sijui, nilikugongesha ukutani mara kadhaa, watu getini wakacheka, na mimi nikacheka. Nikafanya kama tunavyofanya na nguo za marehemu. Mkate wako nikawagawia waliokuwa karibu. Joho lako akachukua binti wa chuo. Taa nikampa Rama, kwa jina lake mwenyewe, nikaandika wote waone: kuanzia leo wageni atawapokea huyu. Kisha nikakurudisha nyumbani kwako, nikakukalisha kwenye kiti, nikatoka. Sijaingia tena.

Nyumba itaanguka, Tekla. Nimekubali ianguke. Imeniuma kuliko kutandua kitanda chako.

Mtoto ameanza kujigeuza, ananitafuta. Nenda salama, mdogo wangu. Pumzisha hiyo mifupa. Nakuahidi kitu kimoja. Akikua na akitaka, nitamfungulia mlango aingie huko. Sitampa paswedi yako. Ataingia kama mgeni yeyote, hajui kushoto wala kulia, na jina lake juu ya kichwa: Tekla. Mimi nitakaa pembeni yake, nitazame nani anakuja na taa.

Dada yako